Magobore ya Kasulu na Kibondo: yote yaende motoni?

 

Leo naomba tuongee kuhusu gobore. Najua wengine mtacheka, maana ukitaja gobore mjini watu wanafikiria mzee wa pori mwenye kofia ya ngozi. Lakini huku kwetu milimani, kuanzia Heru Juu mpaka Mabamba mpakani, hilo si jambo la kuchekesha. Kuna watu wako jela kwa ajili ya gobore, na kuna watu wako kaburini kwa ajili ya gobore hiyo hiyo.

Nianze na kilichonifanya niandike. Mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha kwa wenye silaha kinyume cha sheria, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Oktoba. Ukipeleka mwenyewe kituo cha polisi au kwa mtendaji, huulizwi ulipoitoa. Ikipita tarehe hiyo, ukikutwa nayo, utajijua. Wiki ya pili ya Oktoba nikapigiwa simu na baba mkubwa kutoka kijijini, wilaya ya Kasulu.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hivi ile kitu ya babu yako, unaikumbuka?"

Nikakaa kimya. Kuikumbuka naikumbuka sana. Ilikuwa darini kwa bibi, juu ya jiko, imefungwa gunia, nyeusi kwa moshi. Mtutu mrefu kuliko mimi nilipokuwa darasa la tatu. Tulikuwa tunaambiwa ni ya baba yake babu, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya Ujiji, na kwamba alilipwa bunduki hiyo badala ya kitambaa. Kama ni kweli au hadithi za jikoni, sijui. Babu mwenyewe aliitumia kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mihogo, tena siku nyingi alikuwa anapiga baruti tupu, mlio tu. Alipofariki hakuna aliyeigusa tena.

Sasa baba mkubwa anauliza: tuipeleke au tuifukie?

Kabla ya kuwaambia tulichofanya, ngoja niwape picha kamili, maana nimegundua hata watu wazima wanachanganya mambo.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni, unaweka kitambaa au nyuzi, halafu marisau au kipande cha chuma, unashindilia kwa ule ufito unaoitwa mdeki. Ndani mtutu ni laini, hauna mifereji ya kuzungusha risasi, kwa hiyo ikitoka inakwenda inakotaka yenyewe. Mita hamsini ni mbali. Wazee walizitofautisha kwa namna zinavyowashwa: bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, gumegume kwa jiwe linalotoa cheche, na ya fataki kwa kile kikombe kidogo kinachopigwa na nyundo. Ya babu ilikuwa ya fataki. Kiswahili kilikuwa na majina ya vitu hivi vyote kabla Mjerumani hajashuka pwani, ndiyo ujue zilikuwa nyingi kiasi gani.

Na kweli zilikuwa nyingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Zanzibar alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia kila mwaka kupitia pwani yetu. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha, yanaacha za kushindilia mbele na kuchukua za kisasa, na ile mitumba ikawa inaletwa Afrika kubadilishwa na pembe za ndovu. Yaani mitumba haikuanza na suruali. Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, alijenga dola lake kwa rugaruga wenye bunduki za namna hiyo, na njia ya kwenda Ujiji ilipita katika eneo lake.

Halafu mwaka 1890 wakubwa wakakutana Brussels wakatia sahihi mkataba. Tunaambiwa ulikuwa wa kukomesha biashara ya utumwa, na hilo lilikuwemo. Lakini humo humo walipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, halafu wakaacha mlango: zile za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuendelea kuuzwa. Kwa lugha nyepesi, Mwafrika aliruhusiwa kuwa na bunduki isiyolenga. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, Mkwawa na Wahehe wake waliwapiga Wajerumani na kuchukua bunduki za kisasa kama 300 hivi. Utaelewa kwa nini walioandika mkataba ule walikuwa na wasiwasi.

Kwa hiyo gobore kubaki mikononi mwa mwanakijiji si bahati mbaya, na wala si ushamba wetu. Ulikuwa ni mpango.

Sasa kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho mimi kinanifurahisha, naomba mnivumilie. Huko Marekani na Ulaya kuna watu kazi yao ni kukusanya bunduki za zamani, hasa zile za majaribio, ambazo kiwanda kilitengeneza moja au mbili kabla ya kuamua kuziuza. Wanapenda sana bunduki ndogo za .22, ambazo fataki yake imefichwa kwenye ukingo wa kitako cha ganda. Mfaransa Flobert alianza mtindo huo mwaka 1845, Smith & Wesson wa Marekani wakauza risasi ya .22 kuanzia 1857, na ile .22 ndefu inayotumika mpaka leo ilitoka 1887. Bunduki moja ya majaribio yenye mtutu safi na namba yake inaweza kuuzwa mnadani kwa mamilioni ya shilingi zetu, na wakishainunua hawaipigi msasa, wanaitunza na kutu yake.

Mbona .22 haikushika mizizi vijijini kwetu kama gobore? Jibu liko kwenye ule ukingo. Ganda la .22 likishapigwa limebonyea, fataki imekwisha, huwezi kulijaza tena. Bila duka la risasi bunduki ni ufito. Gobore haina ganda, inakula chochote. Ndiyo maana moja imekufa na nyingine imeishi zaidi ya miaka mia.

Tena gobore ikivunjika, fundi yupo. Waha walikuwa wahunzi wa majembe toka zamani, na mkono ule haujapotea. Mtutu ukipasuka, bomba la maji au chuma cha usukani wa gari kinachukua nafasi. Kitako kikiliwa na mchwa, kinachongwa kipya. Nimewahi kuona moja ambayo kiwashio kilikuwa cha kiwandani, cha Ulaya kabisa, mtutu wa bomba, na kitako cha mti wa kwetu. Zinazotengenezwa zote hapa hapa, kila moja ni tofauti na mwenzake, fundi hana mchoro. Kama tungefuata vigezo vya wale wakusanyaji wa Marekani, kila gobore ya Kibondo ni bunduki ya majaribio! Ng'ambo ya mpaka, Burundi, silaha za kienyeji wanaziita mugobore. Neno na ufundi vinavuka mto bila kugonga muhuri.

Sasa tuje kwenye upande mchungu, maana sitaki mtu aseme naandika mapenzi ya bunduki.

Mimi nimekulia barabara ya Kasulu–Kibondo. Wakubwa wenzangu mnakumbuka miaka ile ya 2000 mwanzoni, basi halikuondoka mpaka polisi wapande na silaha zao. Mnakaa stendi mnasubiri msafara. Dereva akiona gogo limelala barabarani, basi zima linaanza kusali kila mtu kwa dini yake. Siku moja, nikiwa kidato cha pili, tulisimamishwa kwenye pori. Hawakuwa na gobore tu, mmoja alikuwa na SMG. Lakini aliyekuwa anakusanya simu na hela ndani ya basi alishika gobore iliyokatwa mtutu, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Nilimwogopa huyo kuliko mwenye SMG.

Silaha za vita ziliingia kwetu kwa sababu zinazojulikana. Vita vya Burundi vilianza 1993, vya Kongo 1996, na mkoa wetu ukapokea wakimbizi kwa malaki: Mtabila, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa. Wengi wao walikimbia na godoro na watoto, msiniletee hapa maneno ya kusema kila mkimbizi ni jambazi. Ila waliokuwa na biashara ya silaha walijua njia. Serikali ikajibu kwa operesheni. Mwaka 2013 tulikuwa na mbili karibu pamoja: Kimbunga, iliyoanza Septemba katika Kagera, Geita na Kigoma, na Tokomeza ya kupambana na ujangili, iliyosimamishwa baada ya malalamiko ya mateso na ikaondoka na mawaziri wanne mwezi Desemba. Katika kukusanya, ya jambazi, ya jangili na ya babu zote ziliwekwa kwenye rundo moja.

Sheria ndiyo hivyo hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haikuwekwa kwa ajili ya kupembua hadithi za familia. Huna leseni, una kosa. Na kwa sababu makosa ya silaha husomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, mtu anaweza kupata miaka 20 kwa gobore moja. Miaka ishirini! Wapo wazee waliosajili zao wakapewa vibali, hao hawana shida. Shida ni ile iliyorithiwa, mwenye kibali alishakufa, na watoto wanaona aibu kuuliza.

Nikaangalia upande wa pili, je, mambo ya kale yanasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kitu kuhesabiwa masalia. Kabla ya hapo kinalindwa. Gobore ya mpagazi wa miaka ya 1880 imechelewa kama miaka ishirini. Milango ya kuchonga iliwekewa tarehe yake, kabla ya 1940, nadhani kwa sababu watalii na wafanyabiashara walikuwa wanaing'oa. Gobore hakuna mtalii aliyeitaka.

Wenzetu wamefanyaje? Afrika Kusini, katika sheria yao ya mwaka 2000, bunduki ya kushindilia mbele iliyotengenezwa kabla ya 1 Januari 1900 wanaiita ya kale, inaondolewa kwenye kundi la silaha za kawaida. Marekani mpaka wao ni 1898. Hata itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha, ambayo Tanzania nayo imejiunga, inaziachia nchi zijiamulie kuhusu silaha za kale mradi zisiwe zimetengenezwa baada ya 1899. Kwa hiyo mlango upo. Itifaki ya Nairobi ya 2004, iliyosainiwa na nchi za kanda yetu, mkazo wake ni kuteketeza, na kwa SMG mimi naunga mkono mia kwa mia. Chomeni.

Ila siwezi kusema tuige Afrika Kusini moja kwa moja. Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki yangu mmoja mwanasheria tuliyebishana naye mpaka chai ikapoa. Yeye anasema weka mwaka, kabla ya 1900 ruhusu. Nikamwambia, bwana, Kibondo nani atajua mwaka? Gobore nusu ni ya 1870 na nusu ni bomba la juzi. Fundi akipiga muhuri wa uongo nani atambishia? Na gobore ya 1870 inaua vizuri tu kama ya jana, muulize yule kijana aliyekuwa anatetemeka. Kuruhusu watu wakae nazo darini, hapana.

Ninachotaka ni kidogo zaidi. Kabla ya kuchoma, mtu aangalie. Sio kila moja, ile tu ambayo familia inasema ina historia. Na kuangalia si uchawi. Bunduki nyingi za zamani zina alama kwenye mtutu karibu na kiwashio. Ukiona herufi ELG ndani ya umbo la yai, mtutu ulipimwa Liège, Ubelgiji. Yai likiwa na taji juu yake, ni baada ya 1893. Halina taji, ni kabla. Neno TOWER na taji la kifalme kwenye kiwashio ni dalili ya silaha ya jeshi la Uingereza, au ya mtu aliyeiga. Polisi anaweza kupiga picha kwa simu akaituma Makumbusho ya Taifa, mtu akatoa jibu. Ikiwa ina thamani, izibwe mtutu na kukatwa njia ya moto isiweze kufyatuka tena, halafu ikae kwenye kabati la kioo pale makumbusho ya Ujiji, mahali misafara ilipoishia, jina la familia likiwa chini yake. Ikiwa ni bomba la maji, iende motoni na mwenzake SMG. Ingawa hata mabomba ningeomba wabakize mawili matatu, yaliyozibwa, ili wajukuu wajue wahunzi wetu walikuwa na uwezo gani na uliishia kutumika wapi.

Mtaniambia serikali haina hela ya kushughulika na vyuma vya kutu. Sawa. Picha ya simu ni shilingi ngapi?

Na hapa niseme kitu kwa faida ya usalama, maana najua kuna watakaokwenda kukagua dari baada ya kusoma. Usichezee. Gobore za zamani mara nyingi zimeachwa zikiwa zimeshindiliwa, na baruti iliyokaa kavu juu ya jiko miaka arobaini bado ni baruti. Usiilenge upande wa mtu, usivute nyundo, usiisogeze karibu na moto, usianze kuisugua kwa msasa ili ing'ae kwenye picha. Usiibebe barabarani kimya kimya pia, maana ukikutwa nayo njiani maelezo yako yatakuwa marefu. Ongea na mtendaji kwanza, waje wenyewe. Na kama hakuna msamaha uliotangazwa wakati huo, tafuta ushauri wa mwanasheria kabla hujatoa mguu.

Haya, ya babu.

Baba mkubwa alikwenda kwa mtendaji, akaja askari mmoja kijana, mpole kabisa, hakutukana mtu. Mama mdogo alinisimulia kwa simu. Askari alipima kwa ufito uliokuwa hapo nje, akaushusha ndani ya mtutu, akaweka alama, halafu akaulaza ule ufito kwa nje. Ulipungua kama kiganja kimoja. Maana yake kulikuwa na kitu ndani. Miaka yote ile bibi anapika chini yake, sisi tunalala chumba cha pili, gobore ya babu ilikuwa imejaa. Baba mkubwa aliposikia hivyo alikaa chini.

Wakaitoa nje kwa uangalifu. Baba mkubwa akauliza kama inaweza kupelekwa makumbusho. Askari akamjibu, "Mzee wangu, mimi nimepewa fomu moja tu." Kwenye fomu ikaandikwa: gobore moja, mbovu. Nilikuwa nimeomba wanipigie picha ya alama za mtutu. Mama mdogo alipiga, lakini mkono ulitikisika. Naona kitu kama yai, na juu yake ama taji ama doa la masizi. Nimeikuza mpaka imekuwa vidoa vidoa, sijapata jibu.

Kuhusu usalama wa wale watoto wanaolala nyumba ile sasa, nasema kwa moyo wangu wote ilipaswa kuondoka. Sina ubishi na yule askari. Lakini kitu pekee cha mkononi kilichounganisha ukoo wetu na misafara ya Ujiji kimekuwa mstari mmoja kwenye fomu, na sidhani ni sisi peke yetu. Zimekusanywa ngapi za namna hiyo Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe? Ngapi zilikuwa na yai lisilo na taji?

Kama kwenu ilipelekwa, andika hapo chini mlichojua kuihusu: ilitoka wapi, nani aliibeba, iliua nini. Msitaje majina wala vijiji, na mwenye nayo bado asijitangaze hapa, tafadhali, mimi si padri.

Na wanasheria mliopo mnisaidie jambo moja. Mama mdogo alipofagia dari mwezi uliopita alikuta mdeki. Walisahau kuutoa siku ile. Ni ufito wa chuma wenye ncha ya shaba, basi. Je, mdeki bila bunduki nao ni silaha, au anaweza kuendelea kuchochea nao moto?